Kofia juu ya Mizani

Nilikuwa nimeandika sentensi moja tu, lakini hiyo moja nilikuwa na hakika nayo: "Baba yetu hakuwahi kupunja wala kuzidisha hata gramu moja."

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alipenda kutuambia kwamba insha ikikataa kuanza, tuanze na jambo ambalo hata tukikurupushwa usingizini tungelisema vilevile. Hilo ndilo lilikuwa langu. Baada ya hapo kalamu ikagoma. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na kesho yake saa tisa alasiri watu wangekusanyika kwetu kumkumbuka baba, siku ya kumi na tatu tangu aanguke kwenye ngazi za duka na mkoba wake mkononi. Wasifu nilipewa mimi niusome, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyerudi shule nikiwa mke wa mtu, na wakajua napenda kuandika. Basi nilikaa, nikainuka. Nikaenda jikoni, nikasahau nilichofuata. Nikarudi mezani, nikakuta sentensi yangu iko vilevile peke yake, kama mtu aliyewahi mno mkutanoni. Mtoto alikuwa mgongoni akinipiga mateke ya mbavu.

"Umefika wapi?" Kaka akauliza kutoka mlangoni. Kaka yangu ni dereva wa lori, kila kitu kwake ni safari.

"Mstari wa kwanza."

"Tangu asubuhi? Mdogo wangu, hata lori lililoharibika lingekuwa limeshafika."

"Mstari wenyewe ni mzito."

Akauchukua, akausoma kwa sauti, akaguna. "Ni mzuri. Ila ongeza vyeo. Andika alikuwa mtaalamu mkuu wa vipimo."

"Alikuwa fundi mizani."

"Sasa 'fundi mizani' itajaza ukurasa?"

Mama alikuwa anachambua mchele upande wa pili wa meza, hajainua kichwa tangu chai. "Ilijaza maisha yangu miaka thelathini na mmoja," akasema. Kaka akatoka kwenda kutafuta viti vya kuazima.

Baba alikuwa fundi wa ofisi ya vipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani, machinjioni, bohari za nafaka, popote penye mizani, akiwa na mkoba uliojaa mawe ya shaba, kila jiwe limevikwa kitambaa chake kama kichanga. Anafungua mizani, anaisafisha, anapima jiwe lake, anakaza skrubu, kisha anabandika chini yake kikaratasi chenye tarehe na sahihi. Katika duka analolikagua hanywi hata maji. Mzee Sukari, mwenye duka kubwa pale njia panda, aliwahi kufungiwa mizani siku tatu kwa kupunja gramu ishirini. Siku ya nne alikuja mpaka nyumbani kwetu, akasimama uwanjani akapiga kelele, "Gramu ishirini! Hata chawa ana zaidi!" Baba akamjibu kwa upole kabisa, "Basi mlete huyo chawa tumpime."

Nyumbani pia alikuwa hivyohivyo. Tulipokuwa wadogo alipima mikoba yetu ya shule kila asubuhi. Ukizidisha kilo tatu hakugombezi. Anauchukua mkoba, anauvaa begani mwake pamoja na ule wa kazini, na mnakwenda hivyo mpaka getini, ninyi mikono mitupu, yeye kama punda wa harusi. Mama alipofanyiwa upasuaji na daktari akasema asinyanyue zaidi ya kilo tano maisha yake yote, baba alizipima ndoo zote za nyumba, akachora mstari mwekundu mahali maji yanapofika kilo tano. Ndoo iliyozidi mstari haiguswi na mama. Yeye mwenyewe alijaza mapipa kabla hajaenda kazini, miaka kumi na minane bila kukosa. Hadi leo nikiona ndoo isiyo na mstari kwenye nyumba ya mtu, najiuliza mama wa nyumba hiyo analindwa na nani.

Haya yote niliyajua. Ningeweza kuyaandika. Lakini kila nikishika kalamu, miguu inataka kwenda, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ni siku ya kumpima Gramu.

Gramu ana jina lake kwenye cheti, lakini hilo la baba ndilo lililoshika. Alizaliwa njiti, kilo moja na gramu mia nane, akanikuta nimeshampoteza mmoja kabla yake, aliyekaa siku tisa tu. Kwa hiyo tulipotoka hospitali na huyu, sikuwa na akili. Nilikuwa namgusa pua kila dakika kuhakikisha anapumua. Mume wangu yuko zamu za kiwandani, anarudi amechoka, ananikuta nimekaa na kadi ya kliniki mapajani naitazama kama hirizi. Baba ndiye aliyesema, "Mlete kila Jumamosi. Tutampima kwa mizani yangu. Wasiwasi nao ni kitu cha kupimwa."

Mizani yenyewe inaning'inia chumba cha uani alichokifanya karakana: ina uso wa duara kama saa ya ukutani, mshale mmoja mwekundu, na chini yake kulabu. Baba alitundika kikapu, akaweka mto mdogo, akamlaza Gramu. Na kabla hatujaona chochote, alikuwa ameshaufunika uso wa mizani kwa kofia yake ya kazini. "Subirini atulie," alikuwa akisema. "Mizani haipendi haraka." Tunasubiri. Gramu anarusha miguu, kikapu kinayumba, moyo wangu nao unayumba pamoja nacho. Kisha baba anaiondoa kofia kama mtu wa mazingaombwe na kutangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Kilo tatu! Na gramu hamsini! Uwanja umelipuka!" Mama anapiga kigelegele. Mimi nalia kidogo, nacheka, na ile wiki nzima naweza kula.

Mara ya mwisho, siku mbili kabla hajaanguka, alitangaza kilo tano na gramu mia mbili. Jumamosi iliyofuata nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, hakuna aliyekumbuka. Leo nilikumbuka mimi.

Nikaiacha kalamu. Nikaenda karakana, nikatundika kikapu, nikaweka mto, nikaangalia mshale: sifuri, sawasawa. Nikamlaza Gramu. Sikuweka kofia. Kofia ilikuwa imetundikwa msumarini na sikuwa na ujasiri wa kuishika. Nikatazama mshale ukicheza, ukatulia.

Kilo tano na gramu mia moja.

Nikamtoa, nikamrudisha. Nikamvua soksi, nikamvalisha. Nikahamisha mto. Kilo tano na gramu mia moja. Wiki mbili, na mtoto amepungua gramu mia.

Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka mama akisema, "Wewe, viatu!" na mimi nikirudi kuvaa viatu, kimoja changu kimoja chake, nikatoka hivyohivyo. Kaka alikuwa anashusha viti kwenye mkokoteni akaniita, sikusimama. Toka kwetu hadi kliniki ni mwendo wa robo saa. Njia nzima nilikuwa nahesabu alichonyonya jana, na juzi, na siku ya mazishi ambapo alikaa mikononi mwa watu mchana kutwa. Nimemwacha mwanangu apungue kwa sababu nilikuwa nalia. Hilo ndilo nililojiambia, hatua kwa hatua, mpaka getini.

Jumamosi kliniki hufungwa saa sita. Nilimkuta Nesi Mkuu anafuta meza. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru na mikono laini, na ndiye aliyemfuatilia Gramu tangu siku ya kwanza.

"Nesi, mwanangu amepungua."

Akamchukua, akamgeuza, akamfinya mapaja, akamtazama ulimi. Gramu akamkamata hereni. "Huyu?" akasema nesi. "Huyu anayetaka kunichana sikio?" Akamweka kwenye mizani ya kliniki, ile ya sinia. "Kilo tano na gramu mia moja."

"Na mizani yako inapunja," nikasema. "Si ndiyo? Kwa hiyo ni zaidi?"

Nililiuliza hilo kwa matumaini yangu yote. Maana kila mwezi kadi ya kliniki ilikuwa inaonyesha kidogo kuliko mizani ya baba, na kila mwezi baba alinielezea: "Ile springi yao imechoka, mwanangu, kama mimi. Inapunja gramu mia tatu." Mwezi mwingine mia nne. Mwezi uliopita mia mbili, akasema imeanza kuzoea joto. Nikaamini. Angekuambia nani habari za mizani kama si fundi mizani?

Nesi alinigeukia. "Nani kasema inapunja?"

"Baba."

Kisha akamnyanyua Gramu, akanipa, akaiinamisha mizani upande ili nione chini yake. Kulikuwa na kikaratasi kipya, na mwandiko ule uliolala upande wa kulia kama mtu anayekimbia mvua. *Sawa kabisa.* Tarehe ya mwezi uliopita. Sahihi yake.

"Alikuwa anaikagua kila mwezi," nesi akasema. "Hata ofisi yao haitaki mara zote hizo. Alisema hii ndiyo mizani inayompima mjukuu wake, haiwezi kukosea." Akaiweka sawa mizani. "Mama Gramu, keti."

Sikuketi. Nilikuwa nazunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Daftari lake liko wapi?" akaniuliza. "Alikuwa anakuja nalo hapa kila Jumamosi mkishampima. Nenda kalitafute. Mtoto wako hajapungua hata chembe. Ameongeza gramu mia kwa wiki mbili za msiba. Amejitahidi kuliko sisi wote."

Mkoba wa baba ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango wa karakana tangu siku ulipoletwa. Hakuna aliyeufungua. Niliufungua mimi, nimesimama, mtoto kwapani. Mawe ya shaba yalikuwa yamelala kwenye vitambaa vyao. Chini yake daftari la shule lenye jalada la bluu, na juu ya jalada ameandika *GRAMU*.

Safu tatu, zimepigwa kwa rula. Jumamosi ya kwanza: kilo mbili na mia mbili, na mbele yake tena kilo mbili na mia mbili, na safu ya tatu sifuri. Ya pili: mbili na mia tatu, mbili na mia tatu, sifuri. Jumamosi ya tatu: mbili na mia mbili. Mbele yake, mbili na mia nne. Safu ya tatu: *200*.

Nilisimama pale nikajaribu kukumbuka, na nikakumbuka. Kofia ilianza Jumamosi ya tatu. Zile mbili za kwanza hakukuwa na kofia.

Alikuwa anageuza skrubu kabla hatujaingia. Mshale ulikuwa unaanza mahali pasipo sifuri, na kofia ilikuwa inauficha. Na kila tulipoondoka aliurudisha, ndiyo maana mimi niliukuta sawa. Hangeweza kuiacha mizani idanganye ikiwa peke yake.

Jumamosi ya nne: mtoto palepale, safu ya tatu *300*. Ya tano: Gramu amefika kilo mbili na mia moja na hamsini, na mimi nikaambiwa mbili na mia tano na hamsini. *400*. Pembeni kwa herufi ndogo: *Nesi apite nyumbani kesho kama kwa bahati. Dawa. Anyonye kila saa mbili, mchana na usiku. Mama yake ale.* Na kweli nesi alipita "kwa bahati" Jumapili ile, akaacha dawa ya kifua, na baba akasema kanuni mpya ni kila saa mbili. Mimi nilidhani ni zawadi kwa mtoto anayekua vizuri.

Kuanzia hapo safu ya kwanza inapanda. Safu ya tatu inashuka, hamsini hamsini, taratibu, kama mtu anayetoa mkono chini ya mtoto anayejifunza kusimama. *350. 350. 300.* Mstari wa mwisho: kilo tano kamili, tano na mia mbili, *200*. Na chini yake: *Jumamosi ijayo 150. Tukifika sifuri nimwambie mwenyewe. Atanikasirikia. Sawa.*

Nilikasirika kabla sijafika mwisho wa mstari. Nilitoka na daftari mpaka kwa mama, nikaliweka juu ya mchele wake.

"Na wewe ulijua?"

Mama aliinua daftari, akapuliza chenga za mchele, akalifunga. "Keti."

"Kila mtu leo ananiambia niketi!"

"Basi simama. Unakumbuka Jumamosi ile ya pili jioni, ulipokuwa umelala pale kwenye mkeka? Nilikuletea chakula. Ukaniambia, mama, wiki ijayo kama huyu naye ameshuka, usiniite tena kula. Maziwa yalikuwa yanakauka, mwanangu. Nesi akasema mama akila na kulala, mtoto atapona. Mama akiendelea hivi, sijui. Wiki iliyofuata akashuka." Akafuta mikono kwenye nguo. "Baba yenu hakulala. Nilimwambia tumwambie ukweli, akanijibu, ukweli nitamwambia nesi, na dawa nitampa mtoto, lakini huyu binti yangu nitampa kitu cha kumfanya ale. Kila Ijumaa alikuwa hali chakula cha jioni. Nikimuuliza anasema tumbo. Tumbo gani? Alikuwa anaogopa kesho yake atageuza skrubu."

"Angenambia."

"Angekuambia ungekula?"

Nilikuwa namfahamu yule mwanamke wa kwenye mkeka. Asingekula.

Kaka alikuwa ameingia na kiti kila mkono, na amesikia vya kutosha. Akaweka viti chini. "Haya. Yameisha. Lirudishe mkobani."

"Na sentensi yangu?"

"Iache! Ni sentensi nzuri sana. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na nani?" Akahesabu kwa vidole. "Kesho kuna watu wa ofisini kwake. Kuna wenye maduka nusu ya mji, wote aliwafungia mizani kwa wakati wake. Mzee Sukari ameshasema anakuja. Unataka usimame mbele ya Mzee Sukari useme baba alichezea mizani? Atacheka mpaka mwakani. Miaka thelathini, mdogo wangu. Jina la baba ni hilo tu, hakutuachia jengine."

Niliona kwamba hakuwa anagomba. Alikuwa anaogopa, macho yamemwiva. Yeye ndiye aliyebeba mkoba ule kutoka kwenye ngazi za duka.

"Nikiisoma kama ilivyo," nikamwambia, "nitakuwa nimesimama mbele ya watu na mshale wangu hauko kwenye sifuri. Na sina kofia ya kuufunika."

"Basi usiseme lolote kuhusu kupunja! Sema alipenda familia yake, kaa chini."

"Nitalionyesha kwa kitu gani?"

Kaka akamgeukia mama. Mama alikuwa amerudia mchele. "Mwacheni aandike," akasema, kama vile tuko wengi. "Mwenyewe alikuwa anataka kusema. Hakufika tu."

Jumapili asubuhi niliandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, Gramu sakafuni akijifunza kulala kifudifudi na kukasirika. Niliifuta sentensi ile mara nne. Mara ya tano niliiandika tena kama ilivyokuwa, nikaweka mkato badala ya nukta.

Saa tisa viti havikutosha. Watu wa ofisini walikaa pamoja, wamevaa mashati yao ya vifungo, wenye maduka upande mwingine, na Mzee Sukari mbele kabisa na fimbo yake, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Kaka alisimama mlangoni amekunja mikono. Mume wangu, aliyebadilisha zamu ili awepo, alimshika Gramu. Nikafungua karatasi.

Nilianza na mikoba ya shule. Watu wakacheka kwa punda wa harusi. Nikasoma ndoo na mistari myekundu, na mabinti wa jirani wakamtazama mama, mama akatazama mikono yake. Kisha nikafika pale.

"Baba yetu hakuwahi kupunja wala kuzidisha hata gramu moja," nikasoma, "isipokuwa kwa mtu mmoja, kwa muda wa wiki kumi na saba, na mtu huyo ni mimi."

Nikawaeleza yote. Kofia, skrubu, safu tatu. Sikumpamba. Nikasema kwamba jana nilimkasirikia, na kwamba leo bado namkasirikia kidogo, kwa kuwa ningependa aniambie kwa mdomo wake. Nikasoma lile la mwisho: *Tukifika sifuri nimwambie mwenyewe.*

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Sikuthubutu kumtazama Kaka. Mtu mmoja wa ofisini alikuwa anafuta miwani yake.

Mzee Sukari akagonga fimbo chini. "Binti. Alizidisha gramu ngapi?"

"Mia nne, ilipozidi sana."

"Mia nne!" Akageuka kuwatazama wenzake. "Mnasikia? Mimi ishirini, siku tatu kufuli! Yeye mia nne!" Sauti ilipanda, ikapasuka katikati, na alichotaka kiwe kicheko kikatoka kama kilio. Akatoa leso. Alipomaliza na leso akasema, "Na huyo mtoto yuko wapi? Mleteni apimwe. Mimi siondoki hapa kwa maneno matupu. Nataka kuiona hiyo mizani ikiwa kwenye sifuri."

Watu wakacheka, mara wakawa wameshainuka. Tukaingia karakana wangapi sijui, wengine wakachungulia dirishani. Fundi mmoja wa ofisini akainama kuukagua mshale, akapima kwa jiwe la kilo moja kutoka kwenye mkoba wa baba, akaitikia kwa kichwa. "Sifuri, mzee."

"Nimeona," akasema Mzee Sukari. "Endeleeni."

Nikamlaza Gramu. Akarusha miguu, kikapu kikayumba. Ndipo Kaka akapenya katikati ya watu, akanyoosha mkono mpaka msumarini, akaichukua kofia. Akaufunika uso wa mizani.

"Subirini atulie," akasema. "Mizani haipendi haraka."

Tukasubiri, watu wazima wote wale, tumeshika pumzi kwa ajili ya mtoto anayenyonya kidole chake cha mguu. Kaka akanitazama, nikaitikia. Akaiondoa kofia.

"Kilo tano!" akatangaza. "Na gramu mia moja!"

Na mama, bila kujali msiba, akapiga kigelegele.

Nikaenda kwenye benchi la kazi, nikafungua daftari. Safu ya kwanza: 5.1. Safu ya pili: 5.1. Kwenye safu ya tatu nikaandika sifuri, nikaizungushia mara mbili, na chini yake, kwa herufi ndogo kama zake, nikaandika kwamba baba ameniambia. Nyuma yangu Gramu alikuwa ameishika kofia na hataki kuiachia, na Mzee Sukari alikuwa anamuuliza mume wangu Jumamosi ijayo tunapima saa ngapi.